Nusu ya Anwani

Fundi wa mitandao akikalishwa mbele ya ruta ya Cisco asiyoijua, vidole vyake huandika amri moja kabla hata hajavuta kiti vizuri: show ip interface brief. Kioo kinajaa jedwali fupi. Safu ya kwanza ni majina ya violesura, au poti kama tunavyoziita mtaani. Ya pili ni anwani za IP. Kisha neno YES, kisha namna anwani ilivyoingia humo, na mwishoni hali mbili ambazo kila fundi huziombea dua: up na up. Fundi anashusha pumzi. Kila kitu kipo.

Kimoja hakipo. Jedwali hilo halionyeshi maski.

Aliyekulia Afrika Mashariki hahitaji mhadhara mrefu kuhusu maski. Sanduku la Posta namba 120 linaweza kuwapo Tanga, Kigoma na Eldoret kwa wakati mmoja, na barua yenye “S.L.P. 120” tupu haina pa kwenda. Anwani ya IP hubeba vyote viwili, mji na sanduku, ila vimeandikwa mfululizo bila nafasi katikati: biti 32 zilizobanana, ambazo sisi binadamu tunazisoma kama namba nne zenye nukta. Maski ndiyo inayosema mji unaishia wapi na sanduku linaanzia wapi. Anwani 10.20.30.200 yenye maski ya biti 24 ni sanduku la 200 katika mji wa 10.20.30. Ipe maski ya biti 25, inakuwa sanduku la 72 katika mji mwingine, unaoanzia 10.20.30.128. Hakuna tarakimu iliyobadilika. Waliobadilika ni majirani.

Ndiyo maana nasema anwani isiyo na maski ni nusu ya anwani, na kwamba mengi yanayokwenda kombo kwenye violesura vya ruta hutokana na watu wenye akili timamu kukagua nusu hiyo na kuridhika.

Zamani nusu ilitosha. Itifaki ya IP tunayoitumia ilipoandikwa Septemba 1981, ukubwa wa mtandao ulijulikana kwa kutazama mwanzo wa namba yenyewe. Iliyoanza na 10 ilikuwa ya daraja A, mtandao mkubwa kupindukia. Iliyoanza na 150 ilikuwa B. Iliyoanza na 200 ilikuwa C, mtandao mdogo. Mwaka 1985 utaratibu wa kuugawa mtandao mmoja vipande uliwekwa rasmi, na mwaka 1993 madaraja yenyewe yakaachwa ili anwani zigawiwe kwa vipimo vya ukubwa wowote. Tangu hapo maski haikisiwi tena, lazima isemwe. Lakini zana hurithi tabia za wazee wao. Amri kongwe ya ifconfig kwenye Linux, ukiipa 10.20.30.1 bila maski, bado hukisia kwa daraja: biti 8. Mashine inaamini kwamba anwani zaidi ya milioni 16 zimeketi kwenye waya ule mmoja unaotoka mgongoni mwake.

Kila mtengenezaji analo jibu lake kwa fundi aliyesahau maski, na tofauti hizo zinawatesa wanaohama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Cisco hukataa katakata: amri haijakamilika, andika upya. Juniper huipokea na kuichukulia kuwa biti 32, yaani mji wenye nyumba moja tu, ya mwenyewe. Hivyo hivyo MikroTik ya Latvia, ambayo visanduku vyake vya bei nafuu utavikuta kwa watoa huduma wengi wadogo huku kwetu, na hivyo hivyo amri mpya ya ip kwenye Linux. Poti inawaka, anwani inaonekana, na ruta haina jirani hata mmoja. Kwa upande mwingine, ukiomba orodha ya anwani, Juniper na MikroTik hukuonyesha /24 au /32 pale pale ubavuni mwa namba, na kosa linakurukia usoni. Cisco iliyokuwa kali mlangoni ndiyo inayokuficha sebuleni. Anayetaka kuiona maski huko inabidi aombe maelezo marefu ya kiolesura, au asome usanidi wenyewe.

Kuna tofauti nyingine yenye kuuma zaidi. Kwenye Cisco, anwani mpya huifuta ya zamani papo hapo, isipokuwa umeongeza neno la kuonyesha kwamba hii ni ya ziada. Kwenye Juniper, MikroTik na Linux, anwani mpya huongezwa juu ya ile ya kwanza. Aliyezoea Cisco akidhani amebadilisha anwani, ameacha mbili. Mzee hajahama na kijana ameingia. Wiki nzima mambo yanakwenda, hadi siku ile anwani ya zamani inapopewa kifaa kingine.

Turudi kwenye lile jedwali, maana lina siri nzuri ambazo wengi huzipita. Safu ya namna anwani ilivyoingia huwa na neno manual, NVRAM au DHCP. NVRAM maana yake anwani ilisomwa kutoka kumbukumbu ya kudumu ruta ilipowashwa. Manual maana yake mtu aliiandika kwa mkono baada ya hapo. Kwa hiyo ukiitwa kwenye ruta “ambayo hakuna aliyeigusa”, na ukakuta manual kwenye poti moja kati ya nane, umeshajua pa kuanzia mazungumzo. Haikwambii kama huyo mtu alihifadhi alichoandika. Ruta nyingi za Cisco zimeishi miaka miwili kwa amri isiyohifadhiwa, kisha umeme ukakatika usiku mmoja na ruta ikaamka ikiwa na akili za mwaka juzi.

Hali mbili za mwisho nazo hazisemi kile tunachodhani zinasema. Ya kwanza inahusu waya: kuna mwanga, kuna umeme, kuna kitu upande wa pili. Ya pili inahusu lugha ya kwenye waya: fremu zinaeleweka. Ikiandikwa administratively down, poti imefungwa kwa amri. Poti za ruta za Cisco hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa, na hapo ndipo mwanafunzi hupoteza saa yake ya kwanza ya maisha ya ufundi, akibadilisha waya baada ya waya wakati alichohitaji ni maneno mawili, no shutdown. Lakini up na up kwa pamoja hazina neno lolote juu ya anwani. Unaweza kuandika anwani ya mji ambao haupo kabisa kwenye waya huo, na jedwali litakuonyesha up na up mpaka kiama.

Ruta hujilinda dhidi yake yenyewe tu. Ukijaribu kuweka kwenye poti ya pili ya Cisco mtandao unaogongana na wa poti ya kwanza, itakukatalia na kukutajia poti gani unayogongana nayo. MikroTik na Linux hata hapo hukubali tu. Ila hakuna ruta inayoweza kukukatalia kosa ambalo ushahidi wake uko kwenye kifaa cha jirani.

Nitoe mfano uliowahi kuninyima usingizi. Ofisi moja ya mkoani ilikuwa na mtandao wa 10.20.30.0 wenye maski ya biti 24. Ruta ya zamani ilikuwa na anwani ya .1. Ilipoletwa njia ya pili ya kwenda makao makuu, tukafunga ruta mpya na kuipa .2. Tukapiga pingi, ile programu ya kuuliza “upo?” na kusubiri jibu, kutoka .2 kwenda .1: safi. Kutoka .1 kwenda .2: safi. Jedwali: up, up. Tukala chakula cha mchana. Jioni nusu ya ofisi ikalalamika. Si watu wote, na si idara moja. Mmoja dirishani anafanya kazi, wa meza ya pili hafanyi. Tukailaumu swichi. Tukaibadilisha. Tukawalaumu watu wa umeme.

Ruta mpya ilikuwa na maski ya 255.255.255.128 badala ya 255.255.255.0. Kwa maoni yake, mji uliishia namba 127. Anwani .1 na .2 zote zimo humo, ndiyo maana pingi zetu zilipendeza. Kompyuta yenye .45 ilikuwa jirani. Yenye .200 ilikuwa mgeni. Pakiti ya .200 ikitoka makao makuu ilifika kwenye ruta hiyo, ikatazamwa, ikaambiwa haina mwenyeji hapa, kisha ikatumwa kwenye njia ya jumla. Na njia ya jumla ilielekea makao makuu. Makao makuu nao wakairudisha. Ikapigwa danadana hivyo hadi hesabu yake ya kuishi ikafika sifuri. Siku ya tatu mwenzangu alipiga traceroute, inayotaja kila ruta njiani, badala ya pingi, na kioo kikaonyesha anwani mbili zilezile zikipokezana mstari kwa mstari, kama wazee wawili wanaokaribishana mlangoni, “Tangulia wewe,” “Hapana, tangulia wewe.” Kosa lilikuwa tarakimu tatu.

Kosa la kinyume, yaani maski pana kupita kiasi, lina ujanja wake. Kompyuta yenye maski ya biti 16 mahali pa 24 hudhani kwamba mtandao ulio nyuma ya ruta uko kwenye waya wake yenyewe. Haiombi lango, inapiga kelele kwenye waya ikimwita mwenyewe moja kwa moja. Kwa haki hakuna ambaye angeitika. Lakini ruta za Cisco, kwa tabia zinayotoka nayo kiwandani, huitika kwa niaba ya mtu aliye ng’ambo: “Nipe mimi, nitamfikishia.” Mambo yanakwenda. Yanaweza kwenda miaka. Siku ruta hiyo inapobadilishwa na kuwekwa nyingine isiyo na ukarimu huo, au mtu wa usalama anapoizima tabia hiyo kama vitabu vinavyomshauri, kompyuta kumi zinanyamaza, na lawama zote zinamwangukia mgeni ambaye hana kosa hata moja. Mimi ningesema tabia hiyo ni wema unaolea maradhi, na ningependa iwe imezimwa tangu siku ya kwanza, ofisi ikiwa bado ndogo na makosa bado ya bei rahisi.

Kelele hizo za kwenye waya ni itifaki ya ARP, iliyoelezwa na David Plummer mnamo Novemba 1982. Kazi yake ni kuuliza nani mwenye anwani fulani ya IP na kupokea anwani ya MAC ya kadi yake. Ukaguzi wa kweli wa anwani huanzia hapa, kwenye jedwali la ARP, kwa sababu hapa ndipo mara ya kwanza unasikia sauti isiyo yako. Jedwali la violesura ni ruta ikijisifu. Jedwali la ARP ni majirani wakitoa ushahidi. Likiwa halina mtu ila ruta yenyewe, hata kama poti ni up na up, kuna uwezekano mkubwa kwamba uko kwenye waya au VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) isiyo yako.

Lakini nalo lina kumbukumbu ndefu kuliko inavyofaa. Cisco hukumbuka jibu la ARP kwa saa nne. Mbadilishe jirani yake usiku, umpe ruta mpya anwani ileile ya zamani, na Cisco anaweza kuendelea kumtafuta marehemu hadi alfajiri. Ndiyo sababu vifaa vingi vikiwashwa hutangaza vyenyewe bila kuulizwa, “anwani hii sasa ni yangu”. Na ndiyo sababu mafundi wa zamu ya usiku wana mazoea ya kufuta jedwali la ARP hata pale ambapo hawajui kwa nini wanalifuta.

Pale ambapo makosa ya aina hii huwa aibu ya hadhara ni kwenye vituo vya kubadilishana mawasiliano, kama KIXP ya Nairobi au TIX ya Dar es Salaam. Humo watoa huduma wanaoshindana sokoni hukutanisha ruta zao kwenye swichi ya pamoja, kila mmoja akipewa anwani katika mtandao mmoja, ili barua pepe ya kutoka Ilala kwenda Kinondoni isizungukie Ulaya. Ni baraza moja, na kila mtu ana kigoda chake. Anayekosea tarakimu moja anakalia kigoda cha mwenzake, na ruta zote za barazani zinaanza kumpelekea mzigo usio wake. Anayekosea maski anaweza kuona nusu ya baraza na kudhani wengine hawajaja. Kwa hiyo si ajabu mgeni mahali kama hapo kuwekwa kwanza kando, kwenye VLAN ya majaribio, akakaguliwa, ndipo akakaribishwa mkekani.

Hofu ya kweli, hata hivyo, ni ya ruta iliyo mbali. Umekaa Dodoma, ruta iko Mpanda, na unabadilisha anwani ya poti ileile unayopitia kuongea nayo. Ni kukata tawi ulilokalia. Mara tu amri inapopokelewa, kikao chako kinaganda. Na kama maski au njia ya kurudi haikukaa sawa, kilichobaki ni basi. Kwa hili Juniper walifikiri vizuri kuliko wote: amri ya commit confirmed hutekeleza mabadiliko kisha husubiri dakika kumi, na usiporudi kuthibitisha, hurudisha usanidi wa zamani. MikroTik wana Safe Mode, inayofuta ulichofanya ikiona kikao kimekatika. Mtumiaji wa Cisco kwa miaka mingi alijitegemea kwa kuagiza kwanza ruta ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi, kisha kubadilisha anwani, kisha kufuta agizo lile akiwa bado anapumua. Kuna pia njia ya kikongwe isiyohitaji ufundi wowote: weka anwani mpya kama ya ziada, ingia kupitia hiyo, ndipo uondoe ya zamani.

Wakubwa nao hukata matawi. Tarehe 4 Oktoba 2021, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata uti wa mgongo wa mtandao wa Facebook. WhatsApp ikanyamaza kwa saa sita hivi, kuanzia Kariakoo hadi California, na wahandisi wenyewe wakashindwa kuzifikia ruta zao kwa mbali, kwa sababu njia za kuzifikia zilipita kwenye mtandao uleule uliokatika. Haikuwa anwani iliyokosewa. Lakini fundi yeyote wa mkoani aliyewahi kupanda basi kwenda kuandika mstari mmoja alilisoma tukio lile kwa huruma.

Uhaba nao umeingia kwenye hesabu hizi. Anwani zote za IP ya zamani, IPv4, ni 4,294,967,296 na hazitaongezeka. Hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, na AFRINIC, wagawaji wa bara letu wenye makao Mauritius, waliingia hatua ya pili ya kubana matumizi Januari 2020. Kwa miaka mingi kiungo kati ya ruta mbili kilipewa maski ya biti 30: anwani nne, mbili za kutumika, moja ya jina la mtandao, moja ya matangazo. Tangu Desemba 2000 inaruhusiwa kutumia biti 31, anwani mbili kwa ruta mbili, hakuna makombo. Mwenye viungo 100 anaokoa anwani 200. Bado nakutana na wanaoiogopa maski hiyo kana kwamba ni kosa la chapa. Wengine wamekimbilia anwani za faragha, na hapo tatizo linageuka: kila ofisi imechagua 192.168.1.0, na siku kampuni mbili zinapoungana, kila mji una Sanduku namba 120 na jina la mji pia ni moja.

IPv6, toleo jipya la IP, imerekebisha mengi ya haya, nami nitaipitia kwa ufupi kwa kuwa wenye kuigusa huku kwetu bado ni wachache kuliko wanaoizungumzia. Kiolesura kimoja hubeba anwani kadhaa bila kuona haya, mojawapo ikianza na fe80, ambayo ni ya waya ule tu na inaweza kufanana kwenye poti zote. Ndiyo maana ukiipigia pingi sharti utaje poti. Jambo zuri zaidi ni adabu yake: kabla kifaa hakijaanza kutumia anwani, huuliza kwanza kwenye waya kama kuna mwenye nayo, na wakati huo anwani huonyeshwa ikiwa ya muda. Akijitokeza mwenyewe, anwani huwekwa alama ya nakala na haitumiki. Yaani ukaguzi kutoka upande wa pili umeshonwa ndani ya itifaki.

Kwenye IPv4 inabidi uufanye mwenyewe, na chombo kilicho karibu ni pingi, programu aliyoiandika Mike Muuss Desemba 1983 na kuipa jina la mlio wa kifaa cha kutafutia vitu majini. Ina hila moja ambayo haifundishwi vya kutosha. Ruta ikipiga pingi bila maelekezo, hujitambulisha kwa anwani ya poti inayotokea, ile iliyo karibu zaidi na anayeitwa. Jirani anaijua hiyo, yumo naye mji mmoja, anajibu. Watumiaji hawakai kwenye poti hiyo. Wako nyuma ya poti nyingine, na majibu yao yanahitaji jirani ajue njia ya kurudi huko nyuma. Kwa hiyo pingi yenye maana ni ile iliyotajiwa chanzo: piga, ukijiita kwa anwani ya poti ya ofisini.

Mwaka jana nilimsikia kijana mmoja akibishana kwenye simu na mhasibu wa tawi, yeye akiwa chumba cha seva.

“Mama, mbona mimi huku napata?”

“Mwanangu, sisi huku hatupati.”

“Naona majibu mia kwa mia, mama.”

“Basi njoo ukae kwenye kiti changu uyaone.”

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Alipotaja chanzo, majibu yakawa sifuri.